Draisuti za kayaki ya baharini: tazama gasketi na zipu kabla ya rangi

Mwezi wa Machi pwani ya Anglesey, kaskazini mwa Wales, jua linaweza kuwaka vizuri na hewa ikafika nyuzi 14 huku bahari ikiwa bado kwenye nyuzi 8. Bahari hupoa polepole na hupata joto polepole vilevile, kwa hiyo maji huwa ya baridi kupita wakati wote mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi, siku ambazo watu wameshaanza kuvua makoti. Ndizo siku ambazo mtu hushusha kayaki ufukoni akiwa na fulana na jaketi okozi tu.

Tumetazama aina tatu za draisuti, yaani vazi lisiloingiza maji, linalouzwa kwa wapiga kasia wa bahari ya namna hiyo. Ya kwanza ni draisuti kamili, yenye gasketi za lateksi, yaani kola za mpira za kuziba maji, shingoni na kwenye vifundo vya mikono, na soksi zilizoungwa moja kwa moja na miguu ya vazi. Ya pili ni draisuti yenye shingo ya neoprini (mpira mnene wenye povu ndani), ambayo wauzaji huiita nusu kavu. Ya tatu ni vipande viwili, suruali na koti, vinavyokunjwa pamoja kiunoni. Hatukutaja kampuni, kwa sababu ndani ya kila kampuni kuna vazi zuri na vazi baya, na tofauti kubwa iko kwenye sehemu tatu: shingo, mikono na zipu. Kitambaa karibu chote siku hizi ni cha kutosha.

Kwanza tuseme vazi hili linazuia nini. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameyafupisha madhara ya maji baridi kwa namba 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza ni mshtuko wa baridi: pumzi inavutwa ghafla bila hiari, kisha mtu anahema mbiombio na moyo unakwenda kasi. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati pumzi ile ya kwanza inapovutwa, yanayoingia mapafuni ni maji. Baada ya hapo una dakika 10 hivi ambazo vidole na mikono bado vinafanya kazi ya maana. Saa 1, au karibu yake, ndiyo muda kabla ya mtu kupoteza fahamu kwa mwili kupoa. Wengi hudhani baridi huua katika ile saa ya mwisho. Wanaokufa maji katika bahari hizi aghalabu hufa katika dakika zile za mwanzo, au pale mikono inapokataa kushika, na wengine wako mita chache tu kutoka mwambani.

Kwa aliyekulia Zanzibar au Mombasa, ambako maji ni ya nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima, jambo hili ni gumu kulisadiki mpaka limguse mwilini. Ustadi wa kuogelea haumfai mtu kitu katika dakika ile ya kwanza. Hodari wa kupiga mbizi Forodhani huvuta maji mapafuni sawa na asiyejua kuogelea kabisa, kwa sababu pumzi ile haimsikilizi mtu.

Draisuti inafanya kazi hapo hapo mwanzoni: maji hayagusi kifua na mgongo, mshtuko unapungua sana, na zile dakika 10 zinarefuka. Lakini draisuti yenyewe haina joto. Huu ndio mkanganyiko tunaoukuta mara nyingi kwa wanunuzi. Vazi ni ngozi nyembamba ya nailoni yenye utando unaopitisha mvuke wa jasho, uzito wake kama koti la mvua. Joto linatoka kwenye nguo za ndani. Ukivaa draisuti ya pauni 1,000 juu ya fulana na suruali ya jinzi, utapoa upesi, kwa sababu maji yanaukandamiza mwili na kuitoa hewa iliyokuwa kati ya ngozi na kitambaa, na hewa ndiyo blanketi. Kwa maji ya nyuzi 8 tunashauri nguo nyepesi ya sufu au ya polista inayogusa ngozi, na juu yake suti nzima ya flisi (kitambaa chenye manyoya laini) nene, kipande kimoja ili isipande mgongoni unapopiga kasia. Kwa nyuzi 13 hadi 15 flisi nyembamba inatosha. Pamba isiingie kabisa: inanyonya jasho na kulishikilia, nawe unapoa ukiwa umekauka nje na kulowa ndani. Vaa kwa kuyafuata maji, usifuate hewa. Ukiona joto njiani, chovya mikono, mwagia kichwa maji, au jipindue na uinuke tena kama unajua kufanya hivyo.

Sasa vazi lenyewe, na tuanze na gasketi kwa sababu ndizo zinazoamua.

Gasketi ya lateksi ni kola ya mpira laini yenye umbo la pia, pana upande unaoungana na vazi na nyembamba upande wa mwili. Dukani inakuja ikiwa finyu makusudi ili ikatwe kwa kipimo cha mwenyewe. Kwenye mpira kuna mistari ya duara kama pete. Kabla ya kukata, ivute gasketi ya shingo juu ya sufuria iliyozidi shingo yako kidogo na uiache usiku kucha. Mara nyingi hutahitaji mkasi. Ikibidi kukata, tumia mkasi mkali sana, kata pete moja kwa mzunguko mmoja usiokatika, vaa, tazama, ndipo uamue kuhusu pete ya pili. Usikate pete mbili kwa mpigo. Ukiinua mkasi katikati na kuurudisha, unaacha kijino kidogo pembeni, na kijino hicho ndicho kitakachopasuka siku moja ukiwa unavaa vazi kwenye maegesho ya gari.

Kipimo cha shingo kinakosewa pande zote mbili. Ikilegea, maji yanaingia kila unapozama. Ikibana kupita kiasi, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, na mtu anaweza kuona kizunguzungu, maana mshipa mkubwa wa shingo unakandamizwa. Gasketi nzuri inahisiwa kama kola ya shati lililofungwa kifungo cha juu: unaijua ipo, unameza mate bila taabu, na ukigeuza kichwa haifunguki pembeni.

Mikononi kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Ukikamata mpini wa kasia, kano za upande wa ndani wa kifundo husimama, na kati ya kano mbili hutokea kijibonde. Weka kidole hapo, kunja ngumi, utakiona. Gasketi ikikaa juu ya kijibonde hicho, maji hupita kama kwenye mfereji, kidogo kidogo, na baada ya saa mbili mkono wa flisi umelowa hadi kiwiko. Wanunuzi hurudisha vazi wakidai linavuja, kumbe tatizo ni mahali gasketi ilipokaa. Ipandishe juu ya kifundo sentimita 3 au 4, penye nyama. Kama gasketi ni fupi mno na haipandi, basi hilo ni kosa la vazi, na tumeliona zaidi kwenye draisuti za bei ya chini.

Shingo ya neoprini ni starehe, hilo halina ubishi. Haivuti nywele, haibani, na hudumu miaka mingi kuliko lateksi. Kwa kiangazi, kwenye maji yaliyotulia, kwa mtu anayeinuka na kayaki yake bila kutoka ndani, tunaipitisha. Kwenye maji yaliyochafuka hatuipitishi. Mtu akikaa majini dakika tano huku mawimbi yanampiga usoni, maji hupenya shingoni kwa vijiko, yakashuka kifuani, mahali penyewe ulipotumia pesa kupalinda. Ile ya vipande viwili ina udhaifu huohuo kiunoni. Ukikaa ndani ya kayaki, sketi, kile kitambaa kinachovaliwa kiunoni na kufunika tundu la kukalia, inaziba; ukitoka na kuogelea, ule mkunjo unafunguka taratibu. Ni vazi la mtu asiyetarajia kutoka ndani ya kayaki, na bahari haimuulizi mtu matarajio yake.

Zipu ni za aina mbili. Ya shaba ni nzito na ngumu kuvuta, lakini inaziba vizuri ikitunzwa: pakaa nta ya mshumaa au nta maalumu kwenye meno ya nje kila baada ya safari chache. Adui yake ni mkunjo. Ukikunja vazi na zipu ikapindwa kwa kona kali, jino moja linasogea, na kuanzia siku hiyo inavuja pale pale. Zipu ya plastiki ni nyepesi, haishiki kutu, na inajikunja bila kulalamika. Hiyo inataka grisi ya silikoni kidogo sana, na mahali pake ni mwisho wa njia tu, kwenye kile kituo anapoingia mvutaji. Aina zote mbili zinavuja kwa sababu moja kuliko zote: haikufungwa hadi mwisho. Sentimita 1 ya mwisho ni ngumu, mkono umechoka, mtu anadhani imefika. Mwenzako akague kabla ya kuingia majini, nawe umkague yeye. Zipu iwe mbele, ya mshazari kutoka begani hadi nyongani. Ya mgongoni inahitaji mtu wa kukufungia, na ukiwa peke yako ufukoni umekwama.

Zipu ndogo ya haja isihesabiwe kuwa anasa. Mtu asiye nayo hujizuia kunywa maji tangu asubuhi ili asije akavua vazi lote juu ya mwamba kwenye upepo, na mwili uliopungukiwa maji huchoka mapema na kufanya maamuzi mabaya. Kwa wanawake kuna mshono wa zipu nyuma, unaozunguka kiunoni. Ujaribuni dukani mkiwa mmevaa nguo za ndani zote, na jaketi okozi juu, kwani baadhi haifikiki.

Kuvaa kunataka utulivu. Vua saa, pete na hereni, kata kucha. Ingiza miguu ukiwa umekaa, kisha mikono, kichwa mwisho. Kwa shingo, ingiza viganja viwili kwa ndani, vidole vimenyooka, panua kwa ubapa wa vidole, usitumie ncha. Poda ya kawaida isiyo na mafuta inasaidia. Mafuta ya kuzuia jua na dawa ya mbu yenye DEET huila lateksi, kwa hiyo paka usoni baada ya kuvaa na ufute viganja. Zipu ikishafungwa, chuchumaa, vuta gasketi ya shingo kwa kidole kimoja, hewa itatoka kwa mlio, kisha achia ukiwa bado umechuchumaa. Vazi likikushika mwilini umefanya sawasawa. Likiwa limevimba kama puto, utashindwa kuogelea na kupanda tena kwenye kayaki kutakuwa kazi mara mbili.

Kuna hofu kwamba draisuti ikipasuka itajaa maji na kukuzamisha. Haikuzamishi, kwa kuwa maji ndani ya maji hayana uzito. Taabu inakuja unapotaka kutoka: miguu iliyojaa maji ni mizito kama magunia. Jaketi okozi ndilo linalokuelesha, la nguvu ya nyutoni 50, livaliwe juu ya draisuti, na lichaguliwe ukiwa umeshavaa draisuti na flisi, la sivyo utakuta mikanda haifiki. Yale ya kujipuliza ya nyutoni 150 ni mazuri melini. Kwenye kayaki, yakishafura, huwezi kulala juu ya sitaha ujivute ndani.

Vazi lijaribiwe kabla ya safari, mahali pa kina cha kifua, wenzako wakiwepo. Kaa ndani ya maji dakika 15, ogelea, lala chali, zamisha kichwa. Ukitoka, vua na upapase nguo za ndani. Unyevu uliotapakaa kila mahali ni jasho. Doa moja lililolowa kabisa, kwenye goti, kwapani au kidoleni mguuni, ni tundu. Tundu hutafutwa hivi: geuza vazi ndani nje, ziba shingo na mikono kwa chupa na makopo yaliyofungwa kwa mpira, puliza hewa baridi kupitia zipu ya haja, kisha paka maji ya sabuni kwa brashi. Povu litakuonyesha. Weka alama kwa kalamu, acha pakauke kabisa, paka gundi ya yurethani nyembamba, na usiiguse kwa saa 24. Soksi ndizo hutoboka kwanza, kwa chembe za mchanga zilizobaki ndani ya viatu.

Mapungufu ya vazi hili, hata lile bora, yako mikononi na kichwani. Vidole vinabaki nje, na ni vidole hivyo vitakavyofunga sketi, vitakavyobonyeza redio. Glavu za neoprini za milimita 3 zinasaidia ila zinapunguza hisia. Mifuko inayofungwa kwenye mpini wa kasia na mkono ukaingia ndani yake ni mizuri zaidi unapopiga kasia, ila ukianguka majini haiko nawe. Tunapendelea mifuko kwenye kasia na glavu ndani ya mfuko wa jaketi. Kofia ya neoprini isikosekane. Maji ya baridi yakiingia sikioni ghafla huvuruga mizani ya mwili, na mtu aliyepinduka hujikuta hajui juu ni wapi. Anayejua kujiinua anashindwa kwa sababu hiyo tu.

Tena draisuti isikupe ujasiri usio wako. Mbele ya South Stack na Penrhyn Mawr, kwenye pwani hiyohiyo ya Anglesey, mkondo wakati wa bamvu (maji makubwa) hupita maili 5 za baharini kwa saa. Kayaki iliyopakiwa inakwenda maili 3. Upepo wa nguvu 4 kwenye kipimo cha Beaufort, maili 11 hadi 16 za baharini kwa saa, ukivuma pamoja na mkondo ni safari ya kawaida. Ukivuma dhidi yake, mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama wima na kuvunjika, na kundi zima linaweza kupinduka ndani ya dakika tano. Wa pwani mnaijua tofauti ya bamvu na maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Huko pia ndiyo hesabu ya kwanza. Mwanzoni chagua siku za maji mafu, pita kwenye rasi wakati maji yamesimama, na usome utabiri wa upepo kando ya jedwali la maji, si mmoja bila mwingine.

Ukianguka, vazi linakununulia muda, na muda huo una kazi maalumu: kurudi ndani ya kayaki. Mwenzako anashika omo ya kayaki yako iliyopinduka, anaivuta ipande juu ya kayaki yake, maji yanamwagika, anaigeuza, anailaza ubavuni mwa yake, omo kwa tezi, na kuikumbatia kwa mikono miwili. Wewe hujaachia kasia wala kamba ya sitaha. Unainua miguu ielee nyuma yako, unapiga teke, unajivuta ulale kifudifudi kwenye sitaha ya nyuma, unaingiza miguu, unajigeuza, unakaa. Yaliyobaki ndani yakumbeni kwa pampu ya mkono, kisha funga sketi, na kile kitanzi chake cha kuvutia kiwe nje. Kundi lililozoea humaliza hayo kwa dakika mbili. Fanyeni zoezi mkiwa na draisuti, kwa sababu flisi nene na viatu vinabadilisha kila kitu. Aliyezoea kupanda akiwa na kaptula atashangaa.

Redio ya VHF ya kuzuia maji na bikoni ya dharura (kifaa cha kutuma ishara ya kuomba msaada) ya megahezi 406 iliyosajiliwa vikae kwenye mifuko ya jaketi, vimefungwa kwa kamba. Vikiwa kwenye sehemu ya mizigo ya kayaki na kayaki imepeperushwa, huna kitu. Katika Ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza, tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi 4 walifariki baada ya kayaki zao kujaa maji. Walikaa majini saa nyingi kwa sababu walinzi wa pwani walipata habari kwa kuchelewa. Sheria ya mwaka 1995 ya usalama wa vijana kwenye vituo vya michezo ya nje ilitokana na msiba huo. Chaneli ya kuombea msaada kwa redio ni ya 16. Kutoka usawa wa maji redio ya mkono haifiki mbali, na mwamba ukisimama katikati haisikiki kabisa, ndiyo maana bikoni inahitajika pamoja nayo.

Bei. Draisuti kamili nzuri Uingereza ni kuanzia pauni 500, na zile za utando bora hupita 1,000. Kwa anayetoka kati ya Oktoba na Juni kwenye pwani iliyo wazi, tunasema nunua kamili ya lateksi, zipu ya mbele, soksi za kitambaa kilekile. Kwa asiye na uwezo huo, wetisuti (vazi la neoprini linalobana mwili na kuingiza maji kidogo) ya milimita 3 isiyo na mikono, pauni 100 hivi, pamoja na koti la kupigia kasia, ni bora mara nyingi kuliko draisuti ya mtumba iliyochoka. Ila mipaka yake ni ghuba zilizokingwa, karibu na nchi kavu.

Ukinunua ya mtumba hata hivyo, vuta gasketi mbele ya dirisha lenye mwanga. Lateksi iliyozeeka ina nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka, au inanata vidoleni. Hiyo si sababu ya kuiacha, maana gasketi hubadilishwa; iondoe kwenye bei tu. Kisha pindua kitambaa kwenye makalio na magoti: utando ukiwa unabambuka kwa ndani kama maganda, rudisha vazi kwenye henga. Utando haurekebishiki.